Wafaa Bilal, msanii wa Kiiraki aliye ughaibuni, na umbali ulio kati ya anayefyatua na anayepigwa

Mleta mada

Ndugu wanajamvi, salaam.

Mwezi Mei 2007, jijini Chicago, mzaliwa mmoja wa Iraki alihamia katika chumba cha ukumbi wa sanaa akiwa na kitanda, meza, kompyuta na taa ya kusimama, akaishi humo mwezi mzima huku mtutu wa bunduki ukiwa umemwelekea. Bunduki yenyewe ilikuwa ile ya mchezo, ya kufyatua vidonge vya rangi badala ya risasi, lakini ilikuwa imefungwa kwenye mtambo wenye kamera na kuunganishwa na intaneti, hivyo mtu yeyote, mahali popote duniani na saa yoyote ya usiku au mchana, aliweza kufungua tovuti, akamwona msanii huyo akila au akilala, akaugeuza mtutu upande anaoutaka, kisha akafyatua.

Jina lake ni Wafaa Bilal. Nimeona niulete uzi huu kwa sababu mara nyingi tunapozungumzia wasanii wa Kiarabu waishio ughaibuni tunaishia kwenye kaligrafia na picha za nyumba za zamani, ilhali huyu ameshughulika kwa zaidi ya miaka 20 na jambo moja ambalo kwa maoni yangu hakuna msanii wa kizazi chake aliyelishika kwa ukaribu kama yeye, nalo ni umbali: umbali wa anayeua kwa kubonyeza kitufe, na umbali wa mtu aliyeikimbia nchi yake na kuletewa habari za misiba kwa simu.

Alizaliwa Najaf mwaka 1966, akakulia katika mji wa jirani uitwao Kufa. Chini ya utawala wa Saddam Hussein, kijana aliyetaka kusomea sanaa chuoni hakuangaliwa kipaji chake tu, bali na uaminifu wa ukoo wake kwa serikali. Kwa kuwa mmoja wa jamaa zake alituhumiwa kutokuwa mtiifu, Bilal alinyimwa nafasi hiyo, akasoma jiografia katika Chuo Kikuu cha Baghdad, na kuchora akaendelea nako hivyo hivyo, michoro ya kumkosoa mtawala, hadi ikamtia matatani na akakamatwa. Iraki ilipoivamia Kuwait alikataa kujitolea kwenda vitani, akawa miongoni mwa walioandaa upinzani, na mwaka 1991 akaikimbia nchi. Aliishi katika kambi ya wakimbizi nchini Saudia, ambako aliwafundisha watoto wa wakimbizi wenzake kuchora. Mwaka 1992 alipokewa Marekani, akapata shahada yake ya kwanza ya sanaa katika Chuo Kikuu cha New Mexico mwaka 1999 na ya uzamili mwaka 2003 katika Chuo cha Sanaa cha Chicago, na baadaye akawa mwalimu, kwanza hapo Chicago na kisha katika Chuo Kikuu cha New York.

Mwaka huo huo wa 2003 majeshi ya Marekani yaliingia Iraki. Mwaka 2004 ndugu yake, Haji, aliuawa katika kizuizi cha barabarani huko kwao kwa shambulio la Wamarekani kutoka angani, na baba yao hakuishi muda mrefu baada ya msiba huo. Bilal hakuwapo kwenye mazishi yoyote kati ya hayo mawili. Alikuwa akiishi, akifanya kazi na kulipa kodi katika nchi ile ile ambayo jeshi lake lilimuua ndugu yake, na hali hiyo ya kugawanyika ndiyo ambayo hadi leo huieleza kwa kutaja maeneo mawili, eneo la starehe ambako mwili wake upo, na eneo la vita ambako moyo wake ulibaki.

Kilichomsukuma kuingia katika kile chumba kilikuwa mahojiano ya televisheni. Aliona mwanajeshi wa Kimarekani aliyekuwa kazini Colorado, ndani ya nchi yake mwenyewe, akieleza jinsi alivyokuwa akielekeza mabomu yaliyoanguka Iraki, na alipoulizwa kuhusu uhai wa wanaopigwa, jibu lake halikuwa na dalili ya kusitasita. Bilal alifikiri kwamba huenda ndugu yake aliuawa na mtu wa namna hiyo, mtu aliyekaa kwenye kiti, ambaye baada ya zamu yake alirudi nyumbani kula chakula cha jioni. Ndipo akaamua kujiweka yeye mwenyewe kwenye upande wa pili wa kioo cha kompyuta, upande wa anayepigwa.

Jina alilolitaka mwanzoni lilikuwa *Shoot an Iraqi*, yaani mpige risasi Mwiraki. Mwenye ukumbi, FlatFile Galleries, aliliona ni kali mno, wakakubaliana kuiita kazi hiyo *Domestic Tension*, jina linalomaanisha mvutano wa nyumbani, na lile la kwanza likaja kutumika mwaka uliofuata kwenye kitabu cha kumbukumbu zake. Hadi mwezi unakwisha, bunduki ilikuwa imefyatuliwa zaidi ya mara 65,000 na watu kutoka nchi zaidi ya 120. Gazeti la Chicago Tribune lilimtangaza kuwa msanii wa mwaka 2007.

Nitaendelea baadaye kuhusu kazi zake nyingine. Karibuni kwa michango.

Mchangiaji wa kwanza

Asante sana mleta mada kwa uzi wenye maelezo ya kutosha. Naomba utufafanulie jambo moja. Mtu anayepigwa mara 65,000 katika siku 30 anapigwa, kwa hesabu ya haraka, zaidi ya mara 2,000 kwa siku, sawa na mara moja na zaidi kila dakika. Je, alilala vipi? Na hao waliokuwa wakifyatua walijulikana ni watu gani?

Mleta mada

Hesabu yako ni sahihi, mkuu, na umegusa mahali penyewe.

Alilala kidogo sana. Kulikuwa na ubao wa plastiki ngumu wa kujikinga nyuma yake, naye alivaa miwani mikubwa ya kuzuia rangi isimwingie machoni, lakini kidonge kinachotoka karibu hivyo huuma na kuacha alama, na hata kisipokupata, mlio wake hukushtua. Rangi ilikuwa ya njano. Ilitiririka ukutani, ikakauka, ikapigwa na nyingine juu yake, hadi ukuta ukawa na magamba, na sakafu ikawa inanata. Kila siku alijirekodi kwa video na kuwaeleza watazamaji hali yake, na ukizifuatilia kwa mpangilio utaona mtu aliyeanza kwa uchangamfu akigeuka kuwa mtu anayeshtuka kwa kila sauti. Mwenyewe ameeleza kwamba athari hizo za kiakili hazikumalizika siku alipotoka.

Kuhusu waliofyatua, tovuti ile ilikuwa na sehemu ya mazungumzo, na maandishi ya watu yalibaki. Wapo walioandika matusi mazito dhidi ya Waarabu, wapo waliomuuliza kama amekula, na wapo waliofyatua kwanza kisha wakaomba radhi. Kuna wadukuzi walioiingilia programu na kuifanya bunduki ifyatue yenyewe mfululizo. Hapo ndipo likatokea jambo ambalo Bilal hakulipanga: kundi la watu wasiojuana, walio katika maeneo tofauti, walijipangia zamu usiku na mchana ili kila wakati awepo mmoja wao anayeuvuta mtutu kuelekea kushoto, mbali na alipo. Walijiita ngao ya binadamu. Hawakuwa na kitu zaidi ya kile kitufe ambacho wengine walikitumia kumpiga.

Na nikuongezee la taa. Ile taa ya kusimama iligeuka shabaha, pengine kwa sababu kuvunja kitu huonekana mara moja kuliko kumpiga mtu, na hatimaye ikavunjwa. Siku iliyofuata alikuja mtu ukumbini akiwa amebeba taa nyingine. Alikuwa amewahi kuwa mwanajeshi wa majini wa Marekani.

Mchangiaji wa pili

Ndugu zangu, mimi niliwahi kwenda ziyara Iraki na msafara wa Washia wa Ithnaashari kutoka Dar es Salaam, na kwa hiyo majina ya Najaf na Kufa kwangu si ya kwenye ramani tu. Kutoka haram, yaani kaburi takatifu, ya Imam Ali mjini Najaf hadi Msikiti wa Kufa ni mwendo mfupi wa gari. Kilichobaki machoni mwangu ni makaburi ya Wadi as-Salam, ambayo yanaenda hadi jicho linachoka, na juu ya makaburi mengi mapya kuna picha kubwa za vijana waliokufa katika vita mbalimbali, kila mmoja na jina lake na tabasamu lake. Nilisimama mbele ya picha moja ya kijana aliyevaa shati la michirizi, nikatambua kwamba kwa miaka yote niliyosikia habari za Iraki redioni nilikuwa nikisikia idadi tu. Sikumfahamu msanii huyu kabla ya uzi huu, lakini mtu aliyekulia karibu na makaburi kama yale simshangai akiwa na neno la kusema kuhusu kuhesabu wafu. Mleta mada, kama ana kazi inayohusu hilo, tafadhali utueleze.

Mchangiaji wa tatu

Kwa heshima zote, mimi bado sijaridhika. Nakubali kwamba mateso aliyoyapitia ni ya kweli na msiba wake ni wa kweli. Swali langu ni kama hii ni sanaa. Mchoraji huchora, mchongaji huchonga, na katika sanaa za ufundi tunategemea kuona kazi ya mikono ambayo itabaki mwenyewe akishaondoka. Hapa naona mtu anayewaalika wengine wamtese, halafu tunashangaa kwamba wapo waliokubali mwaliko. Je, si kuwapa wakatili nafasi ya kufanya mazoezi?

Mleta mada

Nashukuru kwa hoja hii, kwa sababu si ndogo, na sitaki kuijibu kwa kukwepa.

Kwanza nikubali kwamba si kila kazi yake naitetea. Mwaka 2008 alifanya *Dog or Iraqi*, ambapo watu walipiga kura mtandaoni kuamua nani amwagiwe maji usoni kama wafungwa walivyofanyiwa na Wamarekani, yeye au mbwa. Kura zikamwangukia yeye, naye akafanyiwa hivyo kweli. Naelewa alichokuwa akikionyesha, lakini kwangu mimi kazi hiyo inasema kwa sauti kubwa jambo ambalo ile ya Chicago ilikuwa imeshalisema vizuri zaidi. Mwaka huo huo alileta *Virtual Jihadi*, mchezo wa kompyuta. Ulikuwepo mchezo wa Kimarekani wa kumsaka Saddam, wafuasi wa al-Qaeda wakaugeuza kuwa wa kumsaka Bush, na Bilal akaugeuza tena kwa kujiingiza yeye ndani kama mtu ambaye baada ya ndugu yake kuuawa anavutwa kuwa mlipuaji wa kujitoa mhanga. Nia yake ilikuwa kuonyesha jinsi Mwiraki wa kawaida anavyoweza kusukumwa huko na pande zote mbili. Chuo cha Rensselaer huko Troy, New York, kiliyasimamisha maonyesho hayo, na yalipohamishiwa katika ukumbi mwingine mjini humo, mamlaka za mji ziliufunga kwa sababu za kanuni za majengo. Hiyo naiona kazi ngumu lakini ya haki, maana aliyeogopwa pale hakuwa mlipuaji bali ni mtu aliyeeleza mlipuaji hutoka wapi.

Sasa kuhusu kama ni sanaa. Mchongaji huhitaji mti au jiwe, na Bilal alichagua nyenzo ambayo ndiyo hasa iliyokuwa hatarini, yaani mwili wa Mwiraki. Hakuwafundisha watu ukatili, kwa sababu kufyatua kwa mbali kulikuwa kunafanyika tayari kila siku, kwa silaha za kweli, na hakuna aliyeuona uso wa anayepigwa. Alichokifanya ni kuurudisha uso huo mahali pake na kumpa mfyatuaji nafasi ya kuusemesha.

Na hapa ndipo linapokuja ombi la ndugu yetu wa ziyara, kwa sababu kazi ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote inahusu kuhesabu wafu. Inaitwa *...and Counting*, na ilifanyika New York mwezi Machi 2010. Kwa saa 24 mfululizo, mbele ya watu, Bilal alichorwa tatuu mgongoni. Kwanza ni ramani ya Iraki isiyo na mistari ya mipaka, ila majina ya miji kwa herufi za Kiarabu, kila jina mahali pake. Kisha nukta, moja kwa kila aliyekufa, karibu na mji alikofia. Nukta 5,000 ni za wino mwekundu unaoonekana, nazo ni za wanajeshi wa Kimarekani. Nukta 100,000 ni za Wairaki, na hizo zimechorwa kwa wino usioonekana kabisa kwa macho ya kawaida. Mgongo ule ukiutazama mchana unaona miji na wekundu kidogo. Taa ikizimwa na kuwashwa ile ya miale ya urujuanimno, mgongo mzima unawaka nukta za kijani, na majina ya miji yanazama ndani yake.

Wakati sindano ikifanya kazi, watu waliohudhuria walisoma majina ya waliokufa kwa sauti, na michango ya dola moja kwa kila aliyekufa iliombwa kwa ajili ya masomo ya vijana walioathirika na vita. Kwa hiyo, mkuu, ukitaka kazi ya mikono inayobaki, hiyo imebaki. Anatembea nayo chini ya shati lake, akipanda treni, akiingia darasani, na wengi wanaompita hawajui kwamba wamepishana na Wairaki 100,000.

Mchangiaji wa nne

Mimi ni mzaliwa wa Bukavu na ninaishi Ulaya. Nimeusoma uzi huu mara mbili. Aliyoyasema mleta mada kuhusu mtu kupata misiba kwa simu nimeyaishi. Mama yangu mkubwa alipofariki, simu ilipigwa alfajiri, na kabla sijapokea nilikwisha kujua, kwa sababu kwetu hakuna anayepiga saa hiyo kwa jambo jema. Nilikwenda kazini siku ile. Hakuna aliyeniuliza kitu, nami sikuwa na maneno. Jambo linaloniumiza hadi leo ni kwamba nilipoondoka nyumbani sikugeuka nyuma kumtazama pale mlangoni, kwa kuwa gari lilikuwa linasubiri. Ningependa kujua kama huyu Bilal aliwahi kufanya kazi kuhusu kuondoka kwenyewe.

Mleta mada

Pole sana, ndugu yangu. Mungu amrehemu mama yetu.

Aliwahi, na ulivyoeleza hapo mlangoni umeieleza kazi yenyewe bila kuijua. Mwishoni mwa mwaka 2010, kwa ajili ya ufunguzi wa Mathaf, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa ya Kiarabu mjini Doha, Bilal alipandikizwa kamera nyuma ya kichwa chake. Kazi hiyo ilikuwa ya kuuangalia upande ule ambao mtu anayeondoka hauoni. Aliikimbia Iraki, akapita mahali pengi, na hakuwa na picha ya alivyoviacha nyuma. Basi sasa kila dakika kamera ilipiga picha moja ya kilicho nyuma ya mgongo wake na kuituma mtandaoni na kwenye kuta za jumba lile, bila yeye kuchagua wala kuitazama kwanza. Bamba la madini liliwekwa chini ya ngozi, likiwa na vijiti vya kuishikilia kamera, na shughuli hiyo ilifanywa na mtaalamu wa kutoga miili kwa kuwa madaktari walikataa. Chuo alichofundisha kilihofia faragha ya wanafunzi, hivyo akiwa chuoni ilimbidi kuifunika kamera. Baada ya majuma machache mwili ulianza kukikataa kijiti kimojawapo, maumivu yakazidi, kikatolewa, akaendelea kwa kuifunga kamera nyuma ya shingo.

Picha nyingi zilizopatikana ni za mambo ya kawaida kabisa: dari, mlango wa friji, migongo ya viti, barabara inayorudi nyuma.

Kwa ufupi nitaje pia mfululizo wa picha alioufanya kati ya 2003 na 2013, uitwao *The Ashes Series*. Alichukua picha za magazeti za majengo yaliyobomolewa Iraki, akayajenga upya kama vijumba vidogo vya mfano, akaondoa watu wote waliokuwamo, akanyunyiza majivu, ambayo gramu 21 zake ni za binadamu, kisha akapiga picha.

Nimalizie na kazi ambayo inanifurahisha kila ninapoifikiria. Mwaka 2003, katika vurugu zilizofuata uvamizi, maktaba ya Chuo cha Sanaa katika Chuo Kikuu cha Baghdad iliteketea, na vitabu takriban 70,000 vikapotea. Tukumbuke kwamba hiki ni chuo kikuu kile kile alichosoma Bilal kwa kulazimika kuchukua jiografia, na maktaba ni ya sanaa, elimu aliyonyimwa. Bilal aliunganisha moto huo na ule wa mwaka 1258, Wamongolia wa Hulagu walipoiteka Baghdad, ambapo masimulizi husema vitabu vilitupwa mtoni Tigris hadi maji yakawa meusi kwa wino kwa siku saba. Siku saba ni saa 168. Kazi akaiita *168:01*, yaani ule wakati unaoanza mara tu wino unapomalizika.

Ilifunguliwa mwaka 2016 katika jumba la sanaa la Windsor, Canada. Ukiingia unakuta rafu nyeupe zilizojaa vitabu vyeupe, jalada jeupe na kurasa tupu. Wanafunzi na walimu wa Baghdad waliandika orodha ya vitabu wanavyovihitaji. Mtu akichangia dola 25, kitabu kimoja kutoka kwenye orodha hiyo kinanunuliwa na kuwekwa rafuni mahali pa kitabu cheupe, na kile cheupe anapewa yeye aende nacho nyumbani. Maonyesho yanapoendelea, weupe wa rafu unaingiwa na rangi, kitabu baada ya kitabu, na mwishoni vyote vilivyopatikana vinafungwa na kupelekwa Baghdad.

Mwaka 2025 Jumba la Makumbusho la Sanaa ya Kisasa la Chicago lilimwandalia maonyesho makubwa ya kazi zake, yakiwa na jina *Indulge Me*, katika jiji lile lile la chumba cha rangi ya njano. Humo aliongeza kazi mpya inayohusu lamassu, yule fahali mwenye mabawa na uso wa mtu aliyelinda lango la Ninawi kwa karne nyingi hadi wapiganaji wa Dola ya Kiislamu walipomkata uso mwaka 2015. Bilal, akisaidiana na wanasayansi, ameuingiza mchoro wa kidijitali wa sanamu hiyo katika vinasaba vya mbegu za ngano ya Iraki.